Jinsi ya Kumkaba Mtazamaji Koo Bila Kumgusa

Una kamera ya kuazima, waigizaji watatu wanaolipwa kwa chakula cha mchana, na nyumba ya shangazi ambayo lazima muiache kabla ya magharibi. Unataka kutengeneza filamu ya taharuki. Umeziona za Marekani, magari yanaruka na majengo yanaporomoka, na moyo umeshaanza kusinyaa. Usisinyae. Sogea nikunong'oneze: wakubwa nao walidanganya. Waliopewa fedha walidanganya, walionyimwa walidanganya zaidi, na kazi zao zinazotazamwa mpaka leo ni zile walizodanganya vizuri.

Hofu mwachie mtazamaji aitengeneze mwenyewe kichwani, bure, kwa vifaa vyake. Wewe mpe habari kidogo na muda mrefu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio huu, kwa sababu ya mwisho haifanyi kazi kama umeiruka ya kwanza.

HATUA YA 1: VUJISHA SIRI

Mwandishi mchanga huficha kila kitu. Anaogopa kwamba mtazamaji akijua mapema atachoka. Wewe vujisha, tena vujisha mapema.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alimweleza jambo hili mwongozaji mwenzake, François Truffaut, katika mazungumzo yao marefu ya mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani wanapiga soga. Ghafla bomu linalipuka. Umewashtua watu kwa sekunde 15, basi. Sasa anza upya. Onyesha kwanza mtu akiliweka bomu chini ya meza. Mjulishe mtazamaji kwamba litalipuka saa saba kamili, na ukutani kuna saa inayoonyesha saa saba kasoro robo. Soga ni ileile, meza ni ileile, hujaongeza hata senti moja kwenye bajeti, lakini umepata dakika 15 za mtu kutamani kupiga kelele ukumbini awaambie wale mezani waondoke.

Angalia hila ilipo. Mtazamaji anapenda kujua kuliko wenzake. Mpe siri ambayo mhusika hana, naye atajiona mwerevu, na palepale atanasa, maana werevu wake hauna kazi. Anajua, na hawezi kusaidia. Majivuno yake ndiyo mtaji wako wa kwanza. Yatumie bila huruma.

Orson Welles alifungua Touch of Evil mwaka 1958 kwa hila hii. Mkono unatega bomu lenye saa, mtu analitia kwenye buti la gari, mwanamume na mwanamke wanapanda, gari linaondoka taratibu katika mji wa mpakani. Kamera inalifuata kwa zaidi ya dakika tatu bila mkato hata mmoja. Gari linasimama, linapita, linasimama tena. Wahusika wengine wanatembea kwa miguu kando yake, wanalipita, linawapita. Yule mwanamke ndani ya gari analalamika kwamba anasikia kitu kinagonga kichwani mwake, na hakuna anayemjali. Hapo Welles amefanya nini cha gharama? Gari moja, mtaa mmoja, na siri iliyotolewa katika sekunde za mwanzo. Kazi ngumu ilikuwa mazoezi, na mazoezi wewe unaweza kuyafanya mchana kutwa kwa shangazi.

HATUA YA 2: MFICHE ADUI MPAKA AOMBWE

Utashawishika kumwonyesha adui wako mapema. Umemnunulia koti, umempaka makovu, rafiki yako ameacha kunyoa ndevu mwezi mzima kwa ajili ya nafasi hiyo. Naelewa. Mfiche hivyohivyo.

Steven Spielberg hakuwa na busara hii alipoanza kupiga Jaws baharini, Martha's Vineyard, mwaka 1974. Alikuwa na papa wa mitambo waliotengenezwa kwa fedha nyingi, na alikusudia kuwatumia. Maji ya chumvi yakawaharibu. Papa akazama, akagoma, akafura. Ratiba ya siku 55 ikawa siku 159. Mwongozaji kijana ana bahari, ana wafanyakazi wanaosubiri, na adui hafanyi kazi.

Akafanya alichoweza. Akaishusha kamera majini iwe macho ya papa, tuione miguu ya waogeleaji kwa chini kama anavyoiona yeye. Katika tukio la kwanza msichana anavutwa huku na huku na kitu ambacho hatukioni kabisa; kilichomvuta ni kamba za wafanyakazi. Baadaye wavuvi wanampiga papa chusa zenye mapipa ya njano, na kuanzia hapo pipa linaloteleza juu ya maji ndilo papa. Pipa tupu! Watu wamekaa ukumbini wanaliogopa pipa tupu. Papa mwenyewe anaonekana vizuri filamu ikiwa imeshapita saa nzima, na anapoibuka kila mtu ameshamchora kichwani mkubwa kuliko ambavyo karakana yoyote ingeweza kumtengeneza.

Juu ya hapo mtunzi wa muziki John Williams akatoa noti mbili, zinazoanza polepole na kuongeza kasi. Hapa uwe makini, kwa sababu wengi wanaiga noti wakaacha akili iliyo nyuma yake. Noti zile ni ahadi: zikilia, papa yupo. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, muziki haulii. Mtazamaji anajifunza sheria bila kuambiwa, kisha anaitegemea. Sasa, mkuu wa polisi anapomwaga chambo nyuma ya mashua akiwa ananung'unika, hakuna muziki, kwa hiyo sote tumetulia. Papa anaibuka palepale, kimya, mdomo wazi. Fundisha sheria, iheshimu kwa muda mrefu, kisha ivunje mara moja. Ukiivunja mara mbili umeifuta.

Na kama baada ya kumaliza utaona kwamba umepungukiwa mshtuko mmoja, usijidharau kurudi kuutengeneza popote. Kichwa cha maiti kinachochomoza kwenye tundu la mashua katika filamu hiyohiyo kilipigwa kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwa mhariri, Verna Fields, na maziwa yakamiminwa majini ili yafanane na bahari yenye ukungu. Fields alipata Oscar kwa uhariri wa filamu hiyo.

HATUA YA 3: MWUE STERINGI, KISHA HAMA UPANDE

Kila aliyelelewa na kibanda cha video anajua kwamba steringi hafi. Atapigwa, atatekwa, atafungwa kwenye nguzo, lakini hafi. Tumelipa kiingilio kwa ajili yake. Imani hiyo inatuliza sana, kwa hiyo iondoe.

Mwaka 1960 Hitchcock alimchukua Janet Leigh, nyota anayejulikana, akamfanya mwizi wa dola 40,000, akatufanya tukimbie naye, tumwonee huruma, tuogope polisi kwa niaba yake. Kabla filamu ya Psycho haijafika nusu, akamwua bafuni. Kuanzia hapo mtazamaji hana pa kushika. Kama huyu amekufa, nani aliye salama?

Sasa tazama mauaji yenyewe, maana ni shule nzima ya udanganyifu. Tukio la chini ya dakika moja lilipigwa kwa siku saba. Filamu ilikuwa ya bei nafuu, takriban dola 800,000, na wengi wa mafundi walitoka kwenye kipindi cha Hitchcock cha televisheni. Damu ilikuwa sosi ya chokoleti, kwani katika nyeusi na nyeupe hakuna atakayejua. Sauti ya kisu ni kisu kikichoma tikiti. Anthony Perkins, anayecheza muuaji, hakuwepo hata siku hizo. Alikuwa New York kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani, na aliyeshika kisu ni mtu mwingine. Ni mkono, mdomo, maji, pazia, miguu, mkono tena, kila kipande kikikaa kwa muda mfupi mno kiasi kwamba jicho halipati nafasi ya kukagua. Ni mchezo wa karata tatu: mkono unakwenda haraka, na mchezaji anaapa kwamba ameiona karata. Watu walitoka ukumbini wakiapa kwamba wameona kisu kikizama mwilini. Ukumbi ndio uliokamilisha mauaji.

Tukio hilo limesifiwa na kila mtu, nami nalisifu. Lakini ukinitaka nikuchagulie darasa moja tu katika filamu ile, nitakupeleka kwenye lile linalofuata, ambalo halina kelele wala kisu.

Norman, mhusika wa Perkins, anasafisha bafu. Anapiga deki, anafuta, anaosha mikono, na hakuna anayesema neno. Hitchcock haruki. Anakuonyesha kazi yote, na binadamu akionyeshwa mtu anafanya kazi kwa bidii huanza kumwombea amalize, hata kama kazi yenyewe ni kuficha maiti. Kisha Norman anaisukuma gari ya marehemu ndani ya dimbwi. Inazama, inazama. Inasimama, paa likiwa bado nje. Norman anaangalia huku na huku. Nawe, mtu mwema uliyekwenda sinema na familia yako, unajikuta ukisema kimoyomoyo: zama basi! Inazama, nawe unashusha pumzi. Umeshamsaidia kuficha ushahidi, na umeshirikishwa kwa gari moja, maji machafu na sekunde chache za kusimama.

Iibe hila hii leo. Mpe adui wako kazi ya mikono, ngumu na yenye hatua nyingi. Mwache karibu amalize. Msimamishe.

HATUA YA 4: TAFUTA SAA ISIYO SAA

Saa ya ukutani imeshatumika mno. Kila filamu ina namba nyekundu zinazorudi nyuma na waya wa kukata. Achana nazo, utafute kitu cha kawaida ndani ya tukio ambacho kinapungua.

Katika Notorious ya mwaka 1946, Ingrid Bergman ameuiba ufunguo wa stoo ya mvinyo kwenye bunda la funguo la mumewe. Nyumba imejaa wageni. Kamera inaanzia juu kabisa ya ukumbi, inaona sherehe nzima, inashuka na kushuka mpaka inafika kwenye ngumi yake, inafunguka kidogo, ufunguo huo hapo. Sherehe yote ile imegeuka pambo la kitu kinachofichika kiganjani. Halafu tunaelezwa jambo moja: shampeni ikiisha, mume atashuka stoo kuchukua nyingine, na atauona ufunguo haupo. Basi. Kuanzia hapo kila mgeni anayeinua glasi anatuumiza. Tunaonyeshwa chupa kwenye barafu, kisha tena zikiwa zimepungua, kisha tena. Kwenye sherehe yako, tumia soda. Tumia sinia la pilau. Chochote kinacholiwa au kunywewa na watu wasiojua wanafanya nini.

Na usimfuate anayeongea. Katika Rope ya mwaka 1948 maiti imo ndani ya kasha, na juu ya kasha pameandaliwa chakula cha wageni. Wakati wa kuondoa vyombo, kamera inatulia kwenye kasha na korido ya kuelekea jikoni. Mtumishi anabeba sahani, anarudi, anabeba mishumaa, anarudi, anakunja kitambaa, anarudi na vitabu vinavyotakiwa kurudishwa ndani. Wanaozungumza wako nje ya fremu, tunawasikia tu. Kipande kimoja, hakuna mkato. Laiti Hitchcock angekata mara moja kwenda kwenye uso wa mtu, tungepumua. Kumbuka hilo kabla hujabonyeza kitufe: kila mkato ni pumzi unayomgawia mtazamaji, kwa hiyo jiulize kama ameistahili.

HATUA YA 5: WASHA TAA PASIPOSTAHILI

Hii ni fupi. Mwaka 1941, kwenye Suspicion, Cary Grant anapanda ngazi gizani akimpelekea mkewe glasi ya maziwa ambayo huenda ina sumu. Hitchcock alitia taa ndani ya glasi. Maziwa yanang'aa, na jicho lako haliwezi kuhama. Balbu moja. Unayo.

Na kama hadithi yako inadai kizunguzungu cha ngazi ndefu, usikodi winchi. Kwa Vertigo ya mwaka 1958 kamera ilirudi nyuma huku lenzi ikivuta mbele, na ngazi ikaonekana inarefuka. Kulifanya hilo kwenye ngazi halisi kungegharimu dola 50,000, kwa maelezo ya Hitchcock mwenyewe. Wakatengeneza ngazi ndogo ya mfano, wakailaza chini kwa ubavu, gharama ikawa 19,000. Spielberg aliichukua mbinu ileile akaiweka kwenye uso wa mkuu wa polisi pale ufukweni. Wizi wa aina hii unaruhusiwa, ilimradi uibe mara moja tu kwa filamu.

HATUA YA 6: NYAMAZA

Hapa ndipo nakusihi kwa dhati, kwa sababu hapa ndipo filamu zetu nyingi zinajiua. Kinanda kinaanza kwenye majina na hakinyamazi mpaka mwisho. Mtu anafungua mlango, kinanda. Anachemsha chai, kinanda. Muziki ukiwa kila mahali hauwezi kumwonya mtu chochote.

Muziki wa Psycho unaoujua, zile fidla zinazopiga kelele, uliandikwa na Bernard Herrmann kwa ala za nyuzi peke yake. Hitchcock alikuwa ametaka bafuni pasiwe na muziki kabisa. Herrmann akauandika hata hivyo, akamsikilizisha, naye mzee akakubali. Zingatia kwamba swali lilikuwepo: je, hapa panahitaji muziki? Jiulize kila mara, na mara nyingi ujijibu hapana.

Kisha sikiliza vitu. Katika No Country for Old Men ya mwaka 2007, muuaji anaongea na mzee mwenye kituo cha mafuta. Amekula njugu, akalikunja karatasi lake na kuliacha kwenye kaunta. Kamera inalitazama. Karatasi linajikunjua lenyewe, polepole, likitoa vile visauti vyake. Hakuna muziki wa wazi. Hakuna silaha iliyotolewa. Mzee hajui anacheza kamari ya nini anapoambiwa achague upande wa sarafu. Gharama ya tukio: wanaume wawili, sarafu moja, karatasi la njugu, na waongozaji wasioogopa kimya.

Ukitaka kumrusha mtu kitini, nenda kwa Cat People ya mwaka 1942. Ilikuwa filamu ya bei ya chini ya mtayarishaji Val Lewton. Mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta, na nyuma yake visigino vya mwingine vinagonga. Vinanyamaza. Anageuka, hakuna mtu. Anaongeza mwendo. Anashika nguzo, anasikiliza, nawe unasikiliza naye, na ghafla kishindo cha mngurumo mkali kinaingia kutoka pembeni: ni basi la abiria, linafunga breki kituoni. Mpaka leo watu wa fani wanauita mshtuko wa aina hiyo basi la Lewton. Wanaouiga huharakisha kulifikia basi, ilhali lililolipa ni zile hatua zilizonyamaza kabla yake. Rekodi viatu vyako mwenyewe barazani usiku wa manane, majirani wakishalala, na umeshapata nusu ya tukio.

HATUA YA 7: DANGANYA KWA MKASI, LAKINI KWA HESHIMA

Kwenye The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, maofisa wenye silaha wanaizunguka nyumba. Mmoja anakwenda mlangoni na maua, anabonyeza kengele. Ndani, kwenye chumba cha chini ya nyumba, kengele inalia, muuaji anashtuka. Nje, ndani, nje, ndani. Muuaji anapanda juu, anafungua mlango, na anayemkuta ni Clarice, steringi wa filamu, peke yake. Wakati huohuo maofisa wamevunja mlango wa nyumba tupu katika jimbo jingine. Kila picha uliyoonyeshwa ilikuwa ya kweli. Ni wewe uliyeziunganisha, kwa sababu unajiona mzoefu wa sinema.

Ndiyo mpaka wa uungwana katika biashara hii. Mwache mtazamaji ajidanganye, usimtolee uongo wako mwenyewe. Steringi akiamka na kumbe ilikuwa ndoto, umemwibia mtu nauli yake.

HATUA YA 8: LIPA DENI, ILA CHAGUA SARAFU

Ukishamnyima mtu pumzi, unadaiwa. Hitchcock aliteleza hapa. Katika Sabotage ya mwaka 1936 mtoto anabeba bomu ndani ya basi la London bila kujua alichobeba. Tunajua, tunateseka, dakika zinakwenda, na bomu linalipuka na mtoto ndani. Watazamaji walimkasirikia, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa. Baada ya mateso yale walistahili nafuu.

Lakini kulipa si lazima kuwe kwa moto. Henri-Georges Clouzot, kwenye The Wages of Fear ya mwaka 1953, ana malori mawili yamebeba nitrogliserini kwenye barabara mbovu, na ametutesa kwa kila shimo na kila kona. Lori la mbele linapolipuka, hatupo. Tupo kwenye lori la nyuma, ambako mmoja anasokota sigara. Tumbaku inapeperushwa ghafla kutoka kwenye karatasi, mwanga unamulika, sauti inafuata. Ukitaka, kesho tengeneza mlipuko wako kwa pumzi ya mtu mmoja aliyejificha nyuma ya kiti na tochi ya simu.

Ukimaliza kuhariri, usiwaulize marafiki kama wameipenda. Watasema ndiyo, wamekula chakula chako. Waite sebuleni, zima taa, kaa pembeni ya televisheni ukiwatazama wao. Wakiacha kutafuna, andika dakika. Mmoja akishika simu, andika dakika. Kisha rudi kwenye kompyuta, uanze na pale penye simu: ondoa muziki, ondoa mkato mmoja, na rudisha nyuma ile siri uliyokuwa unaificha, iwe ya kwanza kuonekana.